Tiketi ya Ndege ya Mama Mkwe

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwamini,

Shikamoo dada. Pokea na shikamoo ya shemeji yako Hamisi, yuko uani anaondoa grisi mikononi kwa mafuta ya taa na amenikumbusha mara mbili nisimsahau. Mama anaendeleaje na magoti yake? Na wewe presha je, bado unameza vidonge au umeviacha tena ulipojisikia nafuu? Sisi huku tunaamka, alhamdulillahi, na zaidi ya hapo sina la kujisifia. Milio ya risasi milimani tumeizoea mpaka mwanangu Rukia akiisikia anaendelea tu kuandika hesabu zake. Hilo linanichosha kuliko milio yenyewe.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma, imekunjwa hadi imechanika kwenye mikunjo, lakini nimeisoma yote. Umeniuliza lini narudi Tabora. Sirudi, dada, si kwa sasa. Hamisi hawezi kuacha gereji aliyoachiwa na baba yake, na mimi siwezi kumwacha Hamisi. Tusiandikiane tena hilo, linaniliza bure.

Jingine umeniambia Asha wako amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza, na mnataka kujua apande ndege ya shirika gani, "maana wewe ndiyo kazi yako." Kweli ndiyo kazi yangu. Mwaka wa sita huu nakaa mezani kwenye ofisi ya tiketi ya Bwana Nassor pale mjini, nauza viti vya ndege, na mimi mwenyewe sijawahi kukalia hata kimoja. Huku nilikuja kwa treni na meli, unakumbuka, natapika njia nzima. Ninachokijua juu ya ndege nimekisikia kwa abiria. Anayerudi namuuliza: magoti yalienea? Chakula kilikuwa cha moto? Ukibonyeza ile taa ya kumwita mhudumu, anakuja au anakuangalia tu? Majibu nayaandika kwenye daftari. Siku hizi daftari halijai haraka, kwa kuwa wengi wananunua tiketi ya kwenda tu.

Ningeweza kukujibu kwa mstari mmoja. Lakini nitakusimulia safari ya mama mkwe wangu, Bi Zuhura, kwa sababu humo ndimo nilimojifunza, na mna jambo sijamwambia mtu yeyote hapa.

Unajua shemeji yangu Yusufu, mdogo wake Hamisi, yuko Kanada tangu vita vilipoanza. Mwaka huu alifanikiwa kupata karatasi za kumwita mama yake. Bi Zuhura ana miaka karibu sabini, miguu imevimba, na mbali kabisa alikowahi kufika ni Uvira, ng'ambo tu ya ziwa hapo. Akaniita chumbani kwake akanishika mkono.

"Saada, we mutoto wangu, we ndiyo unajua mambo ya avioni. Mi nitafuata ile utaniambia."

Basi nikaanza kumtafutia ndege. Kutoka hapa lazima kwanza ufike Nairobi, halafu kuna mashirika matatu ya kukupeleka huko mbali. Sisi kazini hatuyaiti kwa majina, tunayaita kwa rangi za mikia ya ndege zao.

Ya mkia wa kijani ndiyo rahisi kuliko zote. Kila anayeingia ofisini anaulizia hiyo. Lakini urahisi wake unaulipia kwa mwili. Viti vimebanana, mtu mrefu anafika na magoti mekundu. Chakula ni mkate baridi na kitu kidogo ndani ya karatasi, na ukiomba maji mara ya pili wanakununia. Halafu wanakushusha katika mji mmoja ungoje tangu asubuhi mpaka kesho yake, kwenye viti vya chuma, bila hoteli. Baba mmoja wa mtaa wa Jabe aliniambia alilala sakafuni na viatu kichwani asije akaibiwa.

Ya mkia wa dhahabu ni ya huko Uarabuni. Hiyo watu wanaisifu: wali, kuku, tende, kila kitu halali, na wahudumu wanawaita wazee kwa heshima. Bei yake ni ya kati. Ila inakupeleka mashariki kwanza halafu ndiyo ikurudishe magharibi, unapanda ndege nne mpaka Kanada, na kila mahali unatembea mwendo kama wa kutoka Buyenzi mpaka soko kuu.

Ya mkia mwekundu ni ghali. Lakini unabadilisha Ulaya mara moja tu, unangoja saa chache, wanakuja na kiti cha magurudumu kwa wazee, na ukiwaambia mapema wanakuwekea chakula cha Waislamu. Blanketi, mto, maji wanapita nayo wenyewe. Na kuna jambo ambalo watu hawaliulizi mpaka liwakute: tiketi yake inakubali kubadilishwa tarehe. Zile nyingine mbili, kwa bei ile ya chini, ukikosa ndege umekosa na tiketi. Na hapa kwetu, dada, nani ana hakika ya kufika uwanja wa ndege siku aliyoandikiwa?

Bi Zuhura mwenyewe alitaka ya dhahabu. "Mule watanipa chakula ya halali, na kibla wanaijua," akasema. Nilipomweleza habari ya ndege nne akatazama miguu yake.

Nikakaa na Hamisi uani, nikamwambia kama nilivyokwambia wewe.

"Sasa we unasema ipi?" akaniuliza.

"Kwa miguu ya mama, nyekundu."

"Na kwa mufuko yetu?"

"Kijani."

Alichukua ufagio akafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, nikamwona anaingia ofisini kwetu, amevaa shati la Idi. Hamisi hajawahi kukanyaga pale. Alisimama mbele ya meza yangu kama mteja mwingine yeyote, akasema kwa sauti ndogo, "Kata ile ya mukia mwekundu."

Sikuuliza. Nilijua ameuza mashine ya kuchomelea, kwani hatukuwa na kingine cha thamani hiyo. Ile mashine ya bluu aliyoinunua kabla ya vita, ambayo ndiyo iliyokuwa inaleta wateja hata kutoka mtaa wa Musaga kule, kwa kuwa wengi wanajua kufungua injini lakini wachache wanachomea vizuri. Bwana Nassor alikuwa amekaa nyuma na tasbihi yake. Familia yao ni ya Waomani, wako mji huu tangu babu wa babu, na kwa biashara ni mkavu. Lakini siku ile aliinuka akaja akasimama nyuma yangu, akasema, "Faida yangu usiweke humo, Saada. Andika bei ya shirika tu." Akarudi kukaa. Nikajaza jina la mama mkwe.

Siku ya safari ilifika. Tulitoka asubuhi kwa teksi, Bi Zuhura katikati, valizi yake ya nguo juu ya magoti ya Hamisi kwa sababu buti ya gari ilikuwa haifungi. Hatukufika. Kule mbele walikuwa wanapigana, wanajeshi wamefunga njia, magari yanageuzwa. Hamisi alishuka kuongea nao. Nikamwona anaonyesha tiketi, na mwanajeshi, kijana wa watu, anatikisa kichwa bila ukali wowote, amechoka kama sisi. Tukarudi nyumbani. Tulisikia ndege ikiruka juu ya mji, na Bi Zuhura akainua macho kuitazama mpaka ikapotea.

Siku nne alikaa na valizi yake mlangoni. Hakutaka ifunguliwe. Kanga zake zote zilikuwa humo, akawa anavaa ile ile moja, anaifua jioni na kuivaa asubuhi. Mimi kazini nilipiga simu Nairobi mpaka sikio likauma. Waliibadilisha tarehe, hawakudai kitu. Wiki hiyo hiyo familia moja yenye tiketi za kijani ilikuja kulia mbele ya meza yangu, na sikuwa na la kuwafanyia.

Mara ya pili njia ilikuwa wazi. Uwanjani wakamletea kiti cha magurudumu kama nilivyoomba. Alikishika mkono, hakukikalia.

"Hii kiti na yenyewe tunalipia?"

"Apana, mama. Iko ndani ya tike," akamjibu kijana aliyekileta.

Akakaa. Nilicheka kidogo. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, dada, lakini sikushtuka. Nilikuwa na haraka ya kumweleza mambo mengine: namna ya kufunga mkanda, asimpe mtu pasipoti ila mwenye sare, choo kiko nyuma. Nilimfungia chapati mbili za kula Nairobi. Hamisi alimbusu mkono, akageuka upande wa ukuta.

Siku tatu baadaye, mchana, simu ya ofisini ikalia. Ni Yusufu.

"Shemeji, mama amefika. Lakini tumetoka hospitali sasa hivi."

Nikasimama. "Ana nini?"

"Alianguka pale tulipompokea. Daktari anasema ni njaa tu, na baridi. Shemeji, ndege gani hiyo mulimupandisha? Hawakumupa chakula?"

Nikamwambia haiwezekani. Nikamtajia chakula chenyewe: wali na samaki, mkate wa moto, chai, halafu tena asubuhi mayai. Nilikijua chote, kimo kwenye daftari langu. Nikasema labda walikosea, nitawaandikia barua. Ndipo Bi Zuhura akachukua simu.

"Saada, usigombanishe watu. Walileta. Mara tatu walileta. Mi nikawaambia mersi."

Dada, mersi ni asante ya Kifaransa. Lakini mtu akikukaribisha kitu ukamjibu hivyo bila kunyoosha mkono, anaelewa hutaki. Ndilo neno alilokuwa nalo.

"Kwa nini, mama?"

"Nilisema nikikula, wataleta faktire kwa Yusufu alipe. Na ile blanketi iko ndani ya nailoni, mi najua duka: ukishapasua umeshanunua. Nikaiweka hapa magotini mpaka tukafika, nikawarudishia nzima."

"Na chapati zangu?"

"Kulikuwa mama mumoja na mutoto kule Nairobi. Niliwapa." Nikasikia anapumua. "Hamisi alishauza mashine yake, Saada. Mi niliona. Nikasema basi, na mimi nisiwaongezee mzigo."

Niliweka simu chini. Nilikuwa na mteja mbele yangu, akanisubiri.

Nimepima yote, Mwamini. Nimepima magoti, kilo za mizigo, saa za kungoja, moto wa chakula. Neno moja, kwamba chakula kimeshalipwa, sikumwambia, kwa kuwa sikufikiri kuna mtu asiyelijua. Na mimi ndiye niliyetoka Tabora nikiwa sijui hata ngazi za meli zinapandwaje.

Kwa hiyo Asha mwambie hivi. Akiweza apande nyekundu, inafika Uingereza vile vile. Lakini kwa kuwa atapandia Dar es Salaam, ambako hakuna vita wala njia ya kufungwa, hata ya dhahabu itamfaa, ni ya adabu. Ya kijani asipande ila akikosa kabisa. Lakini yoyote atakayopanda, apasue nailoni, ajifunike, ale mpaka ashibe, na aombe maji tena. Vyote vimo kwenye tiketi. Mwambie kwa maneno hayo hayo, hata akikucheka.

Sasa lile nisilomwambia mtu. Jioni ya siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Hamisi alikuwa amekaa kwenye kizingiti ananingoja, ameshasikia kwamba Yusufu amepiga simu.

"Mama amefika?"

"Amefika. Anawasalimu."

"Na avioni? Alisema nini juu ya avioni?"

Alikuwa ananitazama usoni kama Rukia anavyonitazama siku ya matokeo ya shule. Nikamwambia, "Amesema walimpa wali na samaki. Na blanketi. Amelala njia nzima."

Alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Kisha akacheka, kicheko ambacho sijakisikia miaka. Yusufu nimemwomba asimwambie, na Bi Zuhura mwenyewe amenikubalia.

Siku hizi Hamisi anachomea kwa mashine ya kukodi, ya jirani, na nusu ya anachopata kinabaki kwa mwenye mashine. Analala amechoka kuliko zamani. Lakini kila mteja anayekaa kusubiri gari lake pale gereji anasimuliwa habari ya mama aliyekula wali na samaki juu ya mawingu, na kila siku samaki anazidi kunona. Jana amemwongezea na ndimu. Nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana, nikasimama nyuma ya gari na sufuria mkononi, nikangoja amalize kusimulia ndipo nikajitokeza.

Nisalimie mama, umsugue magoti kwa ajili yangu. Nisalimie shemeji, mumeo, na kaka yetu wa reli pamoja na mkewe. Shangazi wa mtaa wa Ng'ambo mwambie kanga aliyonitumia ndiyo ninayoivaa sasa hivi. Asha nampa pongezi na dua. Barua hii isome peke yako, halafu iweke mahali Hamisi hataiona akija kuwatembelea siku amani ikirudi.

Mimi mdogo wako akupendaye, mwenye usingizi,

Saada