Kisu Kilichowekwa Kwenye Ungo

Mama mkwe wangu,

Kisu chako cha kukunja hakikuibwa na Mama Kulwa. Nilikichukua mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka na habari za mvua na za wajukuu mpaka karatasi iishe, na neno lenyewe libaki tumboni kama lilivyobaki miaka yote hii. Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe uliujua upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa wa uongo.

Nilifika kwako Ushirombo kiangazi, siku chache baada ya harusi. Mwanao alirudi kazini kwenye mgodi wa almasi akaniacha kwako ili nizoee nyumbani. Mimi binti wa fundi cherehani wa mjini Shinyanga, ambako kila kitu tulikikata kwa mkasi, hata mchicha. Nilikuja na kucha ndefu na elimu ya darasa la nane, nikidhani kijiji kizima kina bahati ya kunipata. Ulianza kuniita Mwalimu siku ile ile, ingawa sikuwahi kumfundisha mtu chochote, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani unanisifu.

Asubuhi ya kwanza nilikukuta uani umekaa kwenye kigoda, kisu mkononi. Mpini wake wa mti ulikuwa umeng'aa kwa jasho la miaka, na makali yalikuwa yamepinda kuelekea ndani kama ukucha wa mwewe. Sijapata kuona kisu kimoja kikifanya kazi nyingi hivyo. Ulikatia kamba za katani, ulimenyea miwa, ulipasulia maboga, ulifungulia magunia yaliyoshonwa, ulitolea miiba miguuni mwa watoto wa majirani, ulichania mpira wa baiskeli wa kufungia kuni. Kisha ukakifuta kwenye upindo wa kanga, ukaanza kukata nyama ya mchana. Mimi sikula nyama ile. Nilisema nimeshiba. Ulinitazama ukasema, "Mwalimu, tumbo la mjini linashiba kwa macho." Nilinuna siku nzima.

Hukuniambia wewe habari za kisu hicho, nilizisikia kwa Mama Kulwa, jirani yako na shoga yako, uliyelima naye karanga shamba moja tangu wanenu wakiwa mgongoni. Kilikuwa cha baba mkwe. Alikitumia kukatia kamba na mipira ya maji kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, na mgodi ulipofungwa alirudi nyumbani na sanduku la bati, kikohozi, na kisu hicho. Sanduku lililiwa na kutu. Kikohozi kilimchukua yeye. Ukabaki na kisu.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki uniombee radhi huko uliko kwa kusema yule mtoto hakujua.

Ukaja msimu wa michembe. Nyote mlikuwa mkizunguka nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu kesho kwa yule, kukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juani, viwe akiba ya miezi ya njaa. Wenzako walikuwa na visu vilivyonyooka. Wewe ulikuwa unashika kiazi kiganjani, kidole gumba nyuma yake, unavuta kisu kuelekea kwako, na kipande kinadondoka chembamba hata mwanga unapita. Ulinipa nijaribu. "Vuta, mwanangu, usisukume. Hiki kinavutwa." Nami nikasukuma, kwa sababu mkasi husukumwa, na kwa sababu sikupenda kuelekezwa. Kikaingia kwenye nyama ya kiganja.

Mama Kulwa akasema, "Jamani, bibi harusi anataka kutuanikia vidole." Uani wote ukacheka. Wewe ulicheka mpaka ukafuta machozi, kisha ukachana kipande cha kanga yako mwenyewe ukanifunga. Hilo la kanga nililisahau haraka. Kicheko sikukisahau, wala ulichofanya baada ya hapo. Ulikiweka kisu kwenye ungo, ukamwambia Mama Kulwa, "Okota wewe. Hiki kinawakataa wageni."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yenu. Kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, kwa sababu wanaopokezana kisu watakuja kugombana. Unakiweka chini au kwenye ungo, mwenzio anakiokota mwenyewe. Niliiona kuwa ni mambo ya kishamba. Lakini niliishika vizuri sana, Mama, kuliko mafundisho yako yote.

Wiki mbili baadaye zamu ikawa yetu. Wanawake kama kumi uani, viazi rundo, kila mtu macho kwenye kiganja chake. Mama Kulwa ndiye aliyekuwa na kisu chako. Akakiweka kwenye ungo akainuka kwenda kuleta tenga jingine. Wewe ulikuwa umenipa mgongo unageuza vipande juani. Nikakiokota, nikakikunja, nikakifunga kwenye pindo la kanga.

Nataka kusema nilikuwa nafanya mzaha, na ni kweli kwamba ulianza kama mzaha. Nilitaka mhangaike kidogo, ninyi wawili mnaojua kila kitu, nami nicheke zamu yangu. Ningekirudisha kabla ya kusonga ugali wa jioni.

Ulipokitafuta na kukikosa, Mama Kulwa akasema, "Nilikiweka kwenye ungo."

"Nani alikiokota?"

"Sijui, mayu, mama yangu. Nilikiweka."

Kama angekukabidhi mkononi, mkono wako ungekuwa shahidi wake. Lakini yeye alifuata desturi, na ungo hauna mdomo. Akanigeukia mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu. "Mwanangu, si uliniona nikikiweka?"

Nikasema, "Sikuona."

Hapo ndipo palipokuwa na njia ya kurudi, na nilipaona. Lakini nilikuwa nimetazama mikono yako ikipapasa ungo ule mtupu, nikaelewa kuwa sikuficha kisu tu, nilimficha mumeo. Niliona haya kusema nilikuwa nakutania kwa kitu cha marehemu. Kwa ajili ya haya hiyo ndogo nikajitwisha hii kubwa, ambayo sijaitua mpaka leo.

Kesho yake asubuhi ulikwenda kwake, nami nikakufuata kama mkwe mwema. Mama Kulwa hakubishana. Alileta sanduku lake akalimwaga uani mbele ya majirani waliokuwa wamejaa. Kanga mbili, rozari, nguo za mtoto, blanketi lenye matundu ambalo hakuna mwanamke angependa lionwe. "Tafuta," akakuambia. "Ukimaliza humo, nivue na hii niliyovaa." Na wewe ukainama ukatafuta. Sikuwahi kukuona umeinama mbele ya mali ya mtu namna ile. Hukukuta kitu, ukasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mwizi hafichi kwake."

Nilisema tumbo linaniuma. Nilirudi nyumbani nikaenda chooni, nikakitumbukiza shimoni. Nilisikia kilivyotua. Nikanawa mikono, nikaanza kuchambua mboga.

Baada ya siku ile, wanawake hawakumwita tena Mama Kulwa kwenye michembe. Wewe hukuwakataza, wala hukuwaagiza, uliacha tu. Na unajua viazi vikishachimbwa havimngoji mtu. Nilikuwa nikipita nyuma ya ua wake namwona anakata peke yake na Kulwa wake, siku ya kwanza, ya pili, na ya nne vilivyobaki vinanuka. Shamba lenu la karanga likagawanywa katikati kwa mstari wa mkonge. Mimi nilikuwa nimeshajifunza kuvuta kisu, nikawa hodari, ukanisifu mbele za watu kuwa mkwe wako ana mkono mwepesi. Wepesi huo niliupata wapi, hukuuliza.

Unakumbuka mwaka ule mvua zilipokata mapema? Mwanao alikuwa amesharudi kutoka mgodini, tumejenga ubavuni mwako, nina watoto wawili. Ulijaza kikapu michembe ukaniambia nimpelekee Mama Kulwa. "Usiseme imetoka kwangu." Nilipofika alikiangalia kikapu, akakijua, maana ulikisuka wewe. Akasema, "Mwambie aliyekutuma, mwizi hali chakula cha aliyemwibia." Nikakibeba kikapu kurudi. Ulipouliza nikakupa maneno yake yote bila kupunguza hata moja, ukasema, "Basi anakiri." Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, Mama. Nilikuwa nimesimama mbele yako.

Hata hayo yote si mabaya kuliko la mwisho. Ulipokuwa umelala kitandani umebaki mifupa, ulinishika mkono, huu huu wenye kovu, ukasema, "Nenda kwa Mama Kulwa. Mwambie nimemsamehe." Na nikaenda. Niliutoa msamaha nyumbani kwa mwibiwa, nikaupeleka kwa asiyeiba, na mwizi ndiye aliyeubeba. Nikausema nikiwa nimepiga magoti, kwa heshima zote. Aliniuliza, "Amenisamehe nini?" Nikainuka nikaaga. Nikarudi nikakuambia ameupokea. Ulifumba macho ukiwa umeridhika, na nikajiambia nimekufanyia wema.

Mama Kulwa alikuja msibani kwako siku zote tatu. Alichota maji. Watu walinong'ona kwamba ana moyo mgumu, kuja kwa aliyemwibia. Niliwasikia, nikaendelea kugawa uji.

Miaka mitatu ilipita. Ningeendelea, Mama, usidhani dhamiri iliniamsha, maana dhamiri yangu ilikuwa imezoea kulala. Ni kitindamimba wangu, yule uliyempa jina lako. Siku moja niliwasikia watoto wanapangana pa kuchezea, naye akasema, "Tusiende kule kwa bibi mwizi." Hana miaka saba. Hajawahi kukiona kisu, hajui hata kulikuwa na kisu. Nikamchapa, na huku namchapa najua fimbo imemkosa mwenyewe.

Nilimfuata Mama Kulwa shambani. Nikamwamkia, akaitikia, nikasema yote nikiwa wima kwa sababu magoti niliyatumia vibaya mara ya mwisho. Aliegemea jembe akasikiliza mpaka mwisho.

"Alikufa akiamini ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na ule msamaha ulioniletea, uliuleta ukijua?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa najua."

Akalitazama jembe lake. "Kisu ningekusamehe leo hii. Ulikuwa mtoto, na tulikucheka. Ule msamaha, sijui." Kisha akasema, "Mimi niliitwa mwizi uani, mchana, mbele za watu. Usije kunisafisha shambani tukiwa wawili."

Msimu wa michembe ulipofika nikamtuma binti yule yule akamwite, nikamfundisha amwite bibi na asimame mpaka ajibiwe. Alikuja na ungo wake. Wanawake walipokwisha kukaa nikasimama uani kwako, palepale, nikasema kisu cha mama mkwe nilikificha mimi, nikakitupa chooni mimi, na nikasema sikuona ilhali niliona. Aliyekuwa mkubwa kuliko wote akaniuliza, "Mama Masanja, unaumwa?" Nikasema siumwi.

Mama Kulwa akawaangalia mmoja mmoja, wale waliobaki wa siku ile na mabinti wa waliokufa. "Mmesikia," akasema. Akachukua ungo wake akaenda kwake. Hakunipa mkono. Sikuwa na haki ya kuutarajia, lakini niseme ukweli, niliutarajia.

Siku hizi wanamwita. Huwa anakwenda, au hakwendi, apendavyo. Mimi wananiitikia salamu, ila nikikaa mahali, nyungo zinasogezwa taratibu, na kila mmoja anakuwa na kisu chake mkononi, hakuna anayekiweka. Siwalaumu. Mwanao ananitazama kama mgeni aliyekaa sana. Binti yangu aliniuliza kama mimi ndiye bibi mwizi sasa, nikamwambia ndiyo.

Waliokuwepo wamesikia wote. Aliyekuwa hajasikia ni wewe, na wewe ndiye niliyekudanganya zaidi, kwa sababu wewe uliniamini. Nilingoja ufe ili nisiyaone macho yako. Najua hilo ni baya kuliko kisu, na ndiyo maana nimeliandika hapa ambapo kila mtu anaweza kulisoma.

Siombi msamaha. Msamaha niliupeleka pasipostahili, sina tena ujasiri wa kuugusa. Nina ombi jingine. Mama Kulwa miguu imeanza kumvimba, naye ni mdogo kwako kwa miaka mingi, atakuja kwako akiwa na adabu zake akingoja kukuamkia. Akitangulia yeye, mwamkie wewe kwanza. Nikitangulia mimi, usinipokee mpaka yeye afike.

Mke wa mwanao, mama wa wajukuu wako