Aliyekuwa Kwenye Buti

Jumapili, 10 Machi

Kwa kitindamimba wangu,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi sijambo, presha imeshuka, ila goti ndilo lina maneno yake. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unasema "sawa mama, sawa mama" kisha unakata, na jambo hili halitaki sawa mama.

Ni kweli mmemsimamisha Bwana Moshi? Jana tumekaa hapa sebuleni kama kila Jumamosi: nesi, fundi pikipiki na mkewe, mwalimu mstaafu na kiti chake alichokuja nacho, tunangoja Kanyaga Mafuta. Kufungua televisheni, uyoga. Kipindi kizima ni kilimo cha uyoga. Mwalimu akasema tuvute subira, huenda gari litatokea nyuma ya uyoga. Halikutokea.

Gazetini tumesoma eti kosa lake ni kumfungia mtu kwenye buti la gari. Kumbe ni Jumamosi ile tuliyocheka mpaka fundi pikipiki akajimwagia chai. Bwana Moshi anazunguka na lile gari jipya la mdhamini, nyuma kunagonga ngo, ngo, ngo, naye anasema, "Watazamaji, mnasikia springi? Gari halijamaliza wiki na tayari linaomba msaada." Nilicheka nikashika ukuta. Sasa huyo aliyekuwa ndani, badala ya kufurahi ametokea kwenye televisheni, anakwenda kushtaki.

Najua Bwana Moshi ana mdomo. Aliwasema walimu, akawasema madaktari, akasema wanawake wakishika usukani hata kioo cha pembeni kinafumba macho. Tulimnunia wiki moja, ya pili tukarudi. Lakini wewe unajua baba yako alipotutoka nilikuwaje. Nilikuwa nashona na kulia, nashona na kulia, mpaka wateja wakawa wanaona aibu kuja kuchukua nguo zao. Mtu wa kwanza kunichekesha baada ya hapo ni Bwana Moshi. Fadhila hiyo siisahau.

Wewe uko mapokezi hapo hapo. Hebu niulizie, huyo wa kwenye buti ni nani, na kwao hawajui utani?

Mama yako mzazi

*

Jumamosi, 16 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma nimesimama. Mimi mzima, ila bega na kiuno vimekaza kidogo. Nadhani ni kiti cha ofisini. Wewe lilinde goti lako, usilipandishe ngazi bila sababu.

Ni kweli amesimamishwa. Wakubwa wanakaa vikao kila siku, wanatoka wamenuna. Ninavyosikia, shauri liko hivi: huyo aliyekuwa kwenye buti akiandika kwamba ulikuwa mzaha, wamepanga wote wawili, basi Bwana Moshi anarudi. Asipoandika, Bwana Moshi ndiyo kwaheri. Huyo wa kwenye buti amepewa mpaka Ijumaa ya mwisho ya Aprili afikirie.

Mama, nikuulize kama mtu mzima. Ungekuwa wewe, ungemshauri nini? Tuseme mtu ametumwa kuweka tairi la akiba kwenye buti. Tuseme kabla ya hapo alimwambia Bwana Moshi, kwa adabu kabisa, kwamba mdhamini anaomba gari lake lisiitwe sufuria yenye taa. Bwana Moshi akasema, "Si mnasema buti lake ni pana? Haya, tulipime," akamsukuma, akafunga. Ndani kuna giza na joto, grisi usoni, gari linakata kona. Nauliza tu.

Jina lake silijui. Sisi wa mapokezi hatuambiwi mambo.

Mwanao

*

Jumapili, 24 Machi

Mwanangu,

Natumai kiuno kimelegea. Kiti hicho kiwekee mto.

Swali lako ni jepesi. Aandike ulikuwa mzaha, watu waendelee na maisha. Buti lina shida gani? Wewe ulipokuwa mdogo ulijificha kwenye kabati la nguo mpaka ukalala humo, na hukunishtaki kwa mtu. Watu wa siku hizi wamekuwa mayai.

Sisi huku hatukulala. Nimeandika barua kwa kituo chenu kwa niaba ya mtaa mzima. Nesi ametia sahihi, fundi pikipiki ametia, mwalimu amesahihisha koma zangu ndipo akatia. Bibi wa nyumba ya pili ameweka dole gumba, ingawa yeye anadhani ni maombi ya maji. Tumetaka Bwana Moshi arudi, na huyo mfanyakazi afungiwe tena, safari hii pamoja na uyoga. Hilo la uyoga ni langu mimi.

Ukimwona anayepokea barua za watazamaji, mwambie hiyo isikae chini ya nyingine.

Mama yako

*

Jumanne, 2 Aprili

Kwa Mtazamaji Wetu Mpendwa,

Dawati la Watazamaji linathibitisha kupokea barua yako kuhusu kipindi cha Kanyaga Mafuta, pamoja na sahihi na dole gumba.

Maoni yako yamefikishwa panapohusika. Pendekezo la uyoga limesomwa kwenye kikao na baadhi ya wakubwa wamelicheka. Hata hivyo, tungependa ufahamu kwamba mfanyakazi anayehusika ni binadamu, hakuwa amependa kuwa ndani ya buti hilo, na yeye pia ana mama.

Tunakushukuru kwa kututazama. Tunakutakia afya njema, hususan goti.

Dawati la Watazamaji

*

Jumatatu, 8 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Mimi hali yangu ni ya hasira, mbali na hilo mzima.

Kituo chenu kimenijibu. Mwanangu, hapo kwenu kuna mtu ana moyo wa barafu, na ndiye mliyemweka kwenye Dawati la Watazamaji. "Mfanyakazi ni binadamu." Kwani nilisema ni mbuzi? "Yeye pia ana mama." Basi mama yake angemfundisha kuvumilia. Nimeisoma barua hiyo mbele ya watu wote, mwalimu akasema lugha ni safi ila haina upendo. Mtafute huyo mtu, umwambie mama yako amekasirika.

Halafu kuna jambo limetushinda wote. Mwishoni ananiombea afya njema, hususan goti. Goti langu amelijuaje? Mimi kwenye barua sikulitaja. Nesi anasema siku hizi televisheni zinatutazama na sisi. Tangu jana naifunika na khanga. Kama ni wewe unayetangaza goti langu ofisini, sema, nijue.

Mama

*

Jumamosi, 13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kaa kwanza, usisome umesimama.

Funua televisheni, haikutazami. Barua ya Dawati nimeiandika mimi. Goti lilinitoka lenyewe, nimezoea kumaliza nalo. Siko mapokezi tena. Tangu Februari nilihamishiwa kwenye Kanyaga Mafuta, kusaidia kipindi na kujibu barua za watazamaji. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kuja nyumbani siku moja na Bwana Moshi, abishe hodi, umfungulie mlango mwenyewe. Nilishamwomba na alikubali.

Mama, aliyekuwa kwenye buti ni mimi.

Sikuwa nagonga ili watu wacheke. Nilikuwa nagonga nifunguliwe. Nilimsikia akisema ile ya springi, na nikajua kwamba wakati ule ule wewe uko sebuleni unacheka. Hilo liliniumiza kuliko tairi lililokuwa mgongoni. Kipindi kilipokwisha alifungua, akanipa mkono, akasema, "Umekuwa nyota." Nikamtapikia viatu. Hilo gazeti halikuandika.

Kila siku ofisini barua zinakuja kwa magunia, na zote nazijibu mimi. Watu nisiowajua wananiita yai, wananiita mbea, na mama yangu anataka nifungiwe na uyoga. Naogopa kukunyang'anya Jumamosi zako. Karatasi ya kusema ulikuwa mzaha iko hapa mezani, imeshachapwa, inangoja kalamu tu. Ukiniambia nitie sahihi, nitatia.

Mwanao

*

Jumatano, 24 Aprili

Mama,

Hujajibu, na simu haipokelewi. Keshokutwa ndiyo Ijumaa yenyewe. Kama umekasirika, niandikie hasira. Goti linaendeleaje?

Mwanao

*

Alhamisi, 25 Aprili

Mwanangu, kipenzi changu,

Barua hii anakuletea fundi pikipiki kwa mkono, maana posta haitawahi. Mpe maji, amejitolea. Simu sikuipokea kwa sababu sikujua niseme nini, na mimi, unanijua, hilo halijawahi kunitokea.

Nilipoisoma barua yako nilikaa kitandani siku nzima. Wewe ulikuwa unagonga, mimi nacheka. Sauti ya kugonga kwako naijua tangu ulipokuwa tumboni, na siku hiyo sikuijua. Halafu nikueleze na hili, maana nimechoka kulibeba: hata nikiwa nalia, ile ya springi ilinijia kichwani na mdomo ukataka kucheka. Nikaupiga kofi.

Basi nikasema, mimi nimesema buti lina shida gani, wacha niende nikalione. Nikamfuata dereva teksi wa pale kona, nikamwambia anifungie kwenye buti lake, anizungushe mtaa mara moja. Akasema, "Mama, nitakwenda jela." Nikamlipa nauli ya kiti cha mbele. Nesi alinishika mkono wa kulia, mwalimu wa kushoto, wakaniingiza kama godoro. Goti lilikataa kukunjika, tukalibembeleza.

Mwanangu, hakuna hewa humo. Hujui mbele ni wapi. Kwenye kona ya kwanza nilisahau kabisa kwamba nimejitia mwenyewe, nikaanza kugonga. Dereva hakusimama, maana nilimwagiza asisimame hata nikigonga. Nikasikia watu wa barabarani wanacheka. Hawakuwa watu wabaya, nimewashonea wote. Hawakujua tu kwamba ndani kuna mama wa mtu.

Walinitoa goti limevimba kama papai, ndiyo maana sikwenda posta. Niliwaita wote sebuleni nikawasomea barua yako. Nesi alilia. Mwalimu alitaka sahihi yake irudishwe, nikamwambia kwanza arudishe koma zangu. Bibi wa nyumba ya pili ameuliza maji yamefikia wapi. Fundi pikipiki peke yake ndiye aliyebisha: "Lakini mama, si ilichekesha?" Nikamwambia ndiyo, ilichekesha, na teksi iko nje, buti liko wazi. Akaichungulia teksi mlangoni, kisha akasema barua hii ataileta kwako yeye.

Sahihi yangu ile naifuta. Usitie sahihi yako kwa ajili yangu. Jumamosi zangu hazikupewa na Bwana Moshi, nilikosea hesabu. Andika lililo kweli, wakikufukuza kazi njoo nyumbani, cherehani ya pili iko na inazunguka vizuri. Nisamehe, mwanangu.

Mama yako

*

Jumatatu, 29 Aprili

Mama yangu,

Fundi pikipiki alifika Ijumaa asubuhi, kajaa vumbi, akakataa kumpa barua mtu wa mapokezi. Nimemnywesha maji. Kabla hajaondoka aliomba kuliona hilo buti. Alilitazama, akalifunga polepole, akaniambia, "Pole, dada."

Nimeandika kwamba haukuwa mzaha. Bwana Moshi ameondoka siku hiyo hiyo. Alipita mezani kwangu na sanduku lake, nikadhani atanitukana. Akalitua sanduku mezani, akasema, "Yule wa uyoga alikuwa ni nani? Huyo ana kipaji." Sikumwambia.

Kipindi kitaendelea kwa majaribio, atakiongoza yule kaka wa miwani aliyekuwa akisoma bei za matairi. Sijui kama kitadumu. Usijilazimishe kutazama, Mama. Na wewe basi, kuingia buti la teksi na goti lile. Nimesoma pale pa godoro nikacheka peke yangu ofisini, kicheko cha kwanza tangu Machi. Sikukasirikii.

Mwanao

*

Jumapili, 5 Mei

Kitindamimba wangu,

Salamu kutoka kwa watu wote wa sebuleni, na goti limeshuka uvimbe, sasa linafika sokoni pamoja na mwenye nalo.

Jana tumetazama. Mwanangu, nisikudanganye, yule kaka hachekeshi. Ameeleza upepo wa tairi la mbele, tukadhani amemaliza, akaanza la nyuma. Nesi alisinzia. Mwalimu aliandika vitu kwenye karatasi, yeye peke yake ndiye aliyefaidi, na hana gari. Fundi pikipiki alisema afadhali uyoga, mkewe akamfinya.

Kilipokwisha wote wakainuka, mwalimu ameshabeba kiti chake yuko mlangoni, na majina yenu yakaanza kupanda kwenye kioo. Nikawaambia rudini mkae, mwanangu hajapita. Wakarudi wakakaa. Tukasoma wa kamera, wa taa, wa kupaka poda, na hatimaye wewe, jina lako lote na la baba yako. Tukapiga makofi mpaka bibi wa nyumba ya pili akaja kuuliza kama maji yametoka.

Ila umepita mbio sana. Mwambie anayeyaendesha majina hayo akifika kwako apunguze mwendo.

Mama yako