Masega kwenye friza ya mkwe

Shoga, nimejifungia bafuni kwa mwanangu. Usicheke.

Masega ya nyuki wangu yaliingiwa na funza wa nondo, na dawa sitii, unanijua. Nikayaficha kwenye friza ya mke wa mwanangu, yakae siku mbili, baridi iwamalize.

Leo mama wa huyo mkwe kaja kutembea, kafungua kutafuta barafu. Funza juu ya kuku, shoga. Juu ya kuku.

"Mkwe, hiki ndicho mnachotulisha?" Akaniuliza mbele ya wajukuu.

Nikayakwapua, nikakimbilia huku.

Kitendawili: bibi mzima, bafuni, kapakata masega. Usihangaike, ni mimi.

Yule mama kakaa jikoni, kaiegemea friza, hang'oki. Nikiyarudisha mzingani hivi, nyuki watanihama.

Siku moja tu ndiyo imepita. Na hapa mapajani funza mmoja ameanza kutembea.