Kituo cha kwa Hedwiga

Same, Juni 2023

Mpendwa Dada Agatha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, wewe na mwanao. Sisi hatujambo. Mvua zilikuwa nzuri, na mama anapalilia tangawizi kama msichana. Simu zetu hupokei tangu utoke kwa shemeji, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Juzi shangazi Hedwiga aliniomba nimsindikize tambarare, pale treni ilipokuwa ikisimama kabla ya Hedaru. Hakuna tena kibao wala banda, ni miiba na mbuzi tu. Treni ya abiria imerudi, lakini inapita pale bila hata kupunguza mwendo. Mimi niliona pori. Yeye alinionyesha walipokaa akina mama wa Kipare na ndizi zao, na wa Kimasai na vibuyu vya maziwa.

Alisema zamani treni haikusimama pale. Mwaka mmoja mafuriko yalikata barabara, naye akitembea kando ya reli alimkuta Nanyori, mama wa Kimasai, ameshikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Shangazi alivua kanga yake nyekundu, akasimama katikati ya reli akiipunga. Treni ilipiga honi mpaka basi, hakutoka. Dereva akashuka anafoka, "We mama, unataka kufa?" Akamjibu, "Sitaki mtu afe. Tupakie."

Nanyori alijifungua salama hospitali ya Same, shangazi akiwa naye. Tangu hapo madereva wakawa wanasimama, abiria wakapaita kwa Hedwiga, mpaka watu wa reli wakaweka kibao chenye jina hilo. Hebu fikiria, dada, kituo kizima!

Nikamuuliza siku ile alikuwa anakwenda wapi. Sisi tumekua tukiambiwa kwamba mumewe alimwacha. Si kweli. Alikuwa anamtoroka, amechoka kupigwa, anafuata reli hadi Hedaru akapate basi la Tanga, na kwa aibu asionekane tena kwao. Lakini alipotoka hospitalini alijiuliza, mtu aliyesimamisha treni anamkimbia nani? Akarudi, akajenga banda palepale kando ya reli, akaishi bila kumficha mtu uso wake.

Ameniambia nikuandikie hayo yote, nisipunguze. Siku hizi anakaa nasi. Ametandika kitanda cha pili chumbani kwake, na hataki mtu akilalie mpaka ufike.

Mama anakusalimu sana. Mbusu mwanao kwa niaba yetu.

Mdogo wako akupendaye,
Victoria