Zamu Yetu ya Maji

Jumatatu, 3 Juni

Sijawahi kumwambia mtu: huwa naonja udongo. Nachota kwa kidole, nalamba, natema. Leo nimeonja katikati ya shamba, pale mahindi yalipostawi mwaka jana. Chumvi! Zamani ilikuwa bondeni tu, ule weupe kama unga uliomwagika. Sasa inapanda. Ikifika juu hatuna shamba tena.

Baba anasema dawa ni maji, mengi, yaioshe. Iende wapi?

Jumatano, 5 Juni

Nimechimba shimo bondeni. Halijafika hata magotini — maji yakaanza kujaa yenyewe, na hatujamwagilia tangu wiki jana. Kitabu changu cha kilimo kinasema hivyohivyo: maji ya chini yakipanda, hupanda na chumvi yake, jua likiyakausha, chumvi inabaki. Kila zamu yetu ya kumwagilia tunaikaribisha wenyewe.

Kaka kapita: Profesa, unamzika nani? Nikainamia jembe. Kama kawaida. Lakini nimeona nilichoona.

Ijumaa, 7 Juni

Nimesema. Mezani, mbele ya wote. Zamu hii tusifungulie maji, kwanza tuchimbe mtaro wa kuyatoa yaliyopo.

Baba akaweka kijiko chini. Hapa ukiacha zamu, maji yanakwenda kwa jirani, na watu wanasema nyumba ile imeshindwa kulima. Akasema babu yangu hakuacha zamu hata siku aliyofiwa. Kaka naye: maji ya bure, mtu anayasusia! Mama peke yake: "Mzee, si ukalitazame hilo shimo." Hakwenda.

Haya. Wanicheke. Mahindi hayali sifa.

Jumamosi, 8 Juni

Zamu yetu. Nikatumwa nikafungue mlango wa mfereji, Kaka anaumwa tumbo (eti). Nilifika, sikuugusa. Jirani alikuwa ng'ambo, kaegemea jembe.

"Vipi mwanangu, leo hamtaki maji?"

"Hatutaki. Chukua wewe."

"Baba yako anajua?"

"Atajua sasa hivi."

Jirani akafungua upande wake, akitazama pembeni kama mtu anayeiba.

Nikashuka hadi korongoni, mwisho wa shamba. Mtaro huanzia chini, pale maji yatakapotokea, ndipo unapandisha. Nimeanza hapo. Udongo mzito, unanata kwenye jembe. Nikamsikia Baba juu, kwenye mlango, akimuuliza jirani amefanya nini. Kisha akaniita kwa jina langu lote.

Nikaitika, "Abee, Baba. Niko huku." Nikaendelea kuchimba.