Poa ya Mzee Urban

Eva, acha kila kitu usome hapa.

Ludovika kablokiwa na baba yake. Mzee Urban! Mzee ambaye hata vocha anawekewa na jirani!

Tangu asubuhi meseji zake zina tiki moja na picha ya mzee imetoweka. Akipiga kawaida, simu inaita mpaka inakata. Akalia, akidhani mzee bado ana hasira za ule ugomvi wa Pasaka.

Nikampa simu yangu ajaribu. Akaandika tu, "Shikamoo baba." Tiki mbili hapo hapo, halafu tukaona anaandika.

Eva, mzee haandiki! Miaka yote anatuma sauti, tena kwa Kiiraqw, ng'ombe wanalia nyuma.

Jibu likaja: "Poa. Nani?"

Poa! Mzee ambaye usipomwamkia hakupi hata kiti, aitikie shikamoo kwa poa!

Ludovika akakaa chini sakafuni, machozi yakakata ghafla.

Sasa tuko kwenye bodaboda, tunakimbilia Endagikot. Mzee anaishi peke yake kule. Njia nzima Ludovika ananiuliza kitu kimoja tu: "Kama simu anayo mtu mwingine, baba yuko wapi?"