Leso Juu ya Sahani Baridi

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Endarasha tuko salama, na ng'ombe amezaa. Unasema huko mnakofundishwa kupiga eksirei watoto hawatulii, ukaniuliza zamani tulifanyaje.

Baba yako alikuwa mchanga, kifua kikimsumbua. Pale hospitali ya Nyeri, akipigwa eksirei, alirusha miguu mpaka picha ikaharibika. Mpiga picha akauliza, "Mama, huyu nyumbani hulala wapi?"

"Mgongoni kwangu, nikichuma pareto."

"Basi lete hiyo leso unayombebea."

Akaitandika juu ya sahani baridi ya kupigia picha, akamlaza kifudifudi, shavu upande, kama nimembeba. Mtoto akainusa leso, akatulia. Picha ikatoka safi, ugonjwa ukaonekana, akatibiwa.

Nawe uliza kwanza mtoto hulala wapi, mama. Baba yako bado hulala hivyo, shavu upande.

Cucu wako